Ushuru wa Paneli za Jua: Kenya Inalinda Nini?

Kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Nakuru, kilometa 90 hivi kutoka mji mkuu wa Kenya, uko mji wa Naivasha, unaojulikana kwa ziwa lake na kwa mashamba yake ya maua. Mwaka 2011 mji huo ulipata jambo jingine la kujivunia. Kilifunguliwa hapo kiwanda cha kuunganisha paneli za umeme wa jua, kwa ubia wa kampuni ya Ubbink ya Uholanzi na kampuni ya Kenya iliyozoea biashara ya betri. Baadaye kiwanda hicho kilikuja kuitwa Solinc. Kwa mara ya kwanza mwananchi wa Kenya aliweza kununua paneli yenye chapa ya nyumbani.

Lakini kiwanda hicho kilizaliwa pamoja na swali gumu. Je, serikali izitoze ushuru paneli zilizokwisha kutengenezwa ng'ambo, ili kiwanda cha nyumbani kipate nafasi ya kukua? Au iziache ziingie bila ushuru, ili mwananchi apate taa kwa bei anayoimudu? Swali hilo si la Kenya peke yake. Limeulizwa Marekani, India na Afrika Kusini, na kila nchi imelijibu kwa njia yake.

Huenda askari aliye lindoni akadhani kwamba hayo ni mambo ya wahasibu na wafanyabiashara. Sivyo. Kituo cha polisi kilicho mbali na gridi ya taifa, au kambi iliyo mpakani, huhitaji umeme kwa redio ya upepo, kwa taa ya lango, kwa jokofu la dawa na kwa simu za askari wenyewe. Pasipo na sola, umeme huo hutoka katika jenereta. Na jenereta hula mafuta. Na mafuta huletwa kwa lori, katika njia ambayo mara nyingi ndiyo hatari zaidi kuliko kambi yenyewe. Kila pipa la dizeli lisilosafirishwa ni safari moja ya hatari iliyopungua. Kwa hiyo bei ya paneli ni jambo la ulinzi pia, na aliyevaa sare anayo haki ya kulielewa.

Ukubwa wa jambo lenyewe unaonekana katika hesabu. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba nusu hivi ya kaya za nchi hiyo zilipata mwanga wa nyumba kutokana na umeme wa gridi, na kwamba karibu kaya moja katika kila kaya tano ilitumia sola. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 kwa ajili ya mpango wa kupeleka umeme wa jua katika kaunti 14 zilizoachwa nyuma, zikiwamo Turkana, Marsabit, Mandera, Wajir, Garissa na Lamu. Mtu yeyote aijuaye ramani ya Kenya ataona mara moja kwamba nyingi katika hizo ni kaunti za mpakani, na kwamba ndizo zilizowapa askari wa nchi hiyo kazi ngumu kuliko zote.

Sasa, sheria yenyewe inasemaje? Kenya, kama Tanzania, ni mwanachama wa Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioanza kazi Januari 1, 2005. Katika umoja huo nchi wanachama hutoza ushuru wa pamoja kwa bidhaa zitokazo nje ya Jumuiya, na Sheria ya Forodha ya mwaka 2004 iliweka vifaa maalumu vya umeme wa jua katika orodha ya vitu vinavyosamehewa. Mlango wa forodha, basi, uliachwa wazi. Palipobadilika mara kwa mara ni katika kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kila nchi hujipangia. Mwaka 2013 Kenya iliondoa msamaha wa kodi hiyo kwa vifaa vya sola. Mwaka 2014 ikaurudisha. Mwaka 2020 ikauondoa tena. Mwaka 2021 ikaurudisha mara nyingine.

Katika muda wa miaka minane, amri ilitolewa na kutanguliwa mara mbili. Kila askari anajua kikosi kinavyokuwa pale amri za asubuhi zinapofutwa jioni. Mfanyabiashara hakuagiza shehena, kwa kuwa hakujua itafika chini ya sheria ipi. Mwenye kiwanda hakununua mtambo mpya, kwa kuwa hakujua bei za washindani wake zitakuwaje mwakani. Benki haikukopesha. Madhara ya kuyumba yanaweza kuzidi madhara ya kodi yenyewe, maana kodi inayojulikana mtu huweza kuipangia.

Ni haki kuzisikiliza pande zote mbili za shauri hili, kwa kuwa kila upande una hoja nzito.

Wale wanaotaka ushuru husema kwamba hakuna taifa lililopata viwanda kwa kuviacha vichanga vipigane na majitu siku ya kwanza. Uchina yenyewe haikufika ilipo kwa bahati. Shirika la Kimataifa la Nishati lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2022 kwamba tangu mwaka 2011 Uchina ilikuwa imetumia zaidi ya dola bilioni 50 kujenga uwezo wa kutengeneza vifaa hivi, na kupata ajira zaidi ya 300,000, hata ikawa na zaidi ya asilimia 80 ya kila hatua ya kazi hiyo duniani. Wao husema pia kwamba nchi inayotegemea muuzaji mmoja kwa taa zake imempa muuzaji huyo ufunguo wa nyumba. Na huongeza kwamba kijana wa Naivasha aliyefunzwa kuunganisha paneli ataweza pia kuitengeneza inapoharibika, jambo ambalo meli haliwezi kulileta.

Wale wanaopinga ushuru husema kwamba paneli si manukato wala nguo ya fahari. Ni taa ya mtoto anayesoma na ya mkunga anayezalisha usiku. Katika Kenya mamia ya maelfu ya watu walipata sola kwa kulipa kidogo kidogo kwa simu. Kampuni ya M-KOPA, iliyoanza kuuza mwaka 2012, iliwatoza wateja wake wa mwanzo shilingi 40 za Kenya kwa siku. Mtu anayelipa kwa kadiri hiyo huhesabu kila shilingi, na nyongeza iliyo ndogo machoni pa tajiri humrudisha yeye kwenye kibatari. Zaidi ya hayo, kazi nyingi za sola haziko kiwandani. Ziko kwa fundi anayepanda juu ya paa, kwa muuzaji wa sokoni na kwa kijana anayezunguka vijijini. Bei ikipanda, hao ndio watakaokosa kazi kwanza.

Ili kupima hoja hizo, yapasa kujua paneli inavyotengenezwa. Kwanza huchimbwa mawe meupe yenye silika, nayo huyeyushwa katika tanuru za moto mkali ili kupata silikoni. Silikoni hiyo husafishwa tena na tena kwa umeme mwingi hadi isibaki na taka yoyote. Kisha huyeyushwa na kufanywa mabonge, na mabonge hukatwa vipande vyembamba kama karatasi ngumu. Vipande hivyo hutiwa kemikali na nyuzi za fedha, vikawa seli, na seli ndizo zinazogeuza mwanga kuwa umeme. Hatua ya mwisho ni kuziunga seli, kuzifunika kwa kioo, kuzitilia fremu ya alumini na kuweka kisanduku cha nyaya nyuma yake. Hapo ndipo paneli inapopatikana.

Kazi ya Naivasha ilikuwa hatua hiyo ya mwisho, na seli zilitoka ng'ambo. Si kazi ya kudharauliwa, kwani inahitaji mashine, vipimo na mikono iliyofunzwa. Lakini haina budi kuitwa kwa jina lake, nalo ni kuunganisha. Ushuru juu ya paneli iliyokamilika hulinda kiungo kimoja tu katika mnyororo wenye viungo vitano au sita. Vingine vyote vinabaki mikononi mwa yule yule ambaye ushuru ulikusudiwa kupunguza nguvu zake.

Tanzania yenyewe inalo somo katika jambo hili. Katika miaka ya 1970 redio zilikuwa zikiunganishwa Arusha na Dar es Salaam, na wananchi walizinunua kwa fahari. Lakini vipuri vilitoka nje. Bei ya mafuta ilipopanda na vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilipokausha hazina ya fedha za kigeni, viwanda vingi nchini vilifanya kazi chini ya nusu ya uwezo wake. Mashine zilikuwapo, wafanyakazi walikuwapo, kuta za kulinda soko zilikuwapo. Kilichokosekana ni shehena kutoka bandarini. Kiwanda kinachoegemea vipuri vya mbali kina mshipa mmoja tu wa damu, nao ukikatwa hakuna ushuru utakaokiokoa.

Nchi nyingine zimejaribu nini? Marekani, Januari 2018, iliweka ushuru wa asilimia 30 juu ya seli na paneli za nje, ukipungua kwa asilimia 5 kila mwaka hadi kufika 15. Mwaka 2022 ukaongezewa muda. Hata hivyo, viwanda vya Marekani vilianza kuongezeka kwa kasi baada ya sheria ya Agosti 2022, iliyoahidi kumpunguzia kodi mtengenezaji kwa kila wati anayoitengeneza nyumbani. Na hata hapo, viwanda vya kuunganisha paneli viliota upesi, huku vya kutengeneza seli vikichelewa nyuma. Ikiwa nchi yenye mali kiasi hicho iliona ugumu wa kushuka chini ya hatua ya mwisho, nchi nyingine hazina budi kupima nguvu zao kabla ya kuamuru.

India ilichukua njia nzito zaidi. Tangu Aprili 1, 2022 ilitoza asilimia 40 juu ya paneli na asilimia 25 juu ya seli. Lakini haikuuacha ushuru usimame peke yake. Iliweka ruzuku kwa wanaojenga viwanda vikubwa, na orodha ya watengenezaji walioidhinishwa kwa miradi ya serikali. Viwanda vikaongezeka sana. Na India ina jambo ambalo jirani wa Tanzania hana, yaani soko la watu zaidi ya bilioni moja.

Afrika Kusini ilikumbwa na mgawo mkali wa umeme mwaka 2022 na 2023, na wananchi wakakimbilia sola kwa wingi. Serikali iliwapa hata nafuu ya kodi ya mapato kwa paneli walizonunua katika mwaka ulioishia Februari 2024. Kisha, mwishoni mwa Juni 2024, ikaweka ushuru wa asilimia 10 juu ya paneli kutoka nje kwa ajili ya viwanda vya nyumbani. Asilimia 10 ni nini mbele ya bei za dunia? Mwaka 2010 wati moja ya paneli iliuzwa kiwandani kwa karibu dola 2. Mwaka 2024 iliuzwa Uchina kwa senti 10 hivi. Paneli ya wati 100 iliyokuwa dola 200 imekuwa dola 10. Uwezo wa viwanda vya dunia ulikuwa umezidi mahitaji maradufu, na watengenezaji wa Kichina wenyewe waliuza kwa hasara. Katika mafuriko kama hayo ushuru mdogo ni tuta la mchanga, na ushuru mkubwa unaoweza kuyazuia maji humzuia pia mwenye kiu.

Liko na jambo jingine linalowahusu polisi moja kwa moja. Ushuru unapopanda upande mmoja wa mpaka, magendo hupata mshahara. Paneli ni bapa. Hupakiwa kwa urahisi chini ya magunia. Namanga, Holili, Sirari na Horohoro ni milango inayojulikana, lakini kati ya milango hiyo ziko njia za ng'ombe zisizo na idadi. Wazee katika jeshi la polisi wanakumbuka miaka ya tangu Februari 1977, Jumuiya ya kwanza ilipokuwa ikivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, hadi Novemba 1983 ulipofunguliwa. Mpaka ulifungwa katika karatasi, na magendo yakastawi porini. Mwaka 1983 vyombo vya dola vilitumwa katika msako wa wahujumu uchumi, na kazi ilifanywa kwa bidii. Lakini rafu za maduka hazikujaa kwa msako. Zilianza kujaa kuanzia mwaka 1984, baada ya masharti ya kuagiza bidhaa kulegezwa. Askari anaweza kumkamata mlanguzi. Hawezi kuzalisha bidhaa ambayo haipo.

Magendo ya sola yana ubaya wa pili. Paneli iliyopita porini haikupimwa na mtu. Imeandikwa wati 100, kumbe inatoa 60. Mnunuzi hulaumu jua, hulaumu fundi, na mwisho hukata tamaa na sola yenyewe. Kazi ya mkaguzi wa viwango langoni ni ulinzi bora wa kiwanda cha kweli kuliko asilimia nyingi za ushuru, maana hasidi mkubwa wa paneli njema ni paneli ya uongo.

Je, maana yake Kenya ikiache kiwanda cha Naivasha kisimame kwa miguu yake peke yake? Hasha. Maana yake ni kwamba kuna njia za kukisaidia zisizomnyang'anya mwananchi taa.

Njia ya kwanza ni kuondoa mzigo kabla ya kujenga ukuta. Iwapo paneli iliyokamilika inaingia bila kodi, huku kioo, alumini na nyaya za mwenye kiwanda zikitozwa, basi sheria yenyewe inampiga mtoto wake. Tangu mwaka 2022 orodha ya forodha itumiwayo duniani imezitenganisha seli na paneli katika namba mbalimbali, kwa hiyo afisa wa forodha hana tena sababu ya kuzichanganya. Malighafi ya kiwanda iingie kwa nafuu isiyopungua ile ya bidhaa iliyokamilika.

Njia ya pili ni ununuzi wa serikali. Mtambo wa sola wa Garissa, wenye megawati 50 na zaidi, ulizinduliwa Desemba 2019. Ulijengwa na kampuni ya Kichina kwa mkopo wa Benki ya Exim ya Uchina, na paneli zake, zaidi ya laki mbili, zilitoka huko huko. Mwenye kukopesha alichagua muuzaji. Agizo kubwa kama hilo, hata sehemu yake tu, lingekipa kiwanda cha nyumbani kazi ya muda mrefu. Shule, zahanati, vituo vya polisi na kambi za jeshi ni wateja wa kudumu. Serikali ikitangaza kwamba kwa majengo hayo itanunua kila mwaka kiasi fulani kutoka kiwanda cha nyumbani, kwa zabuni ya haki na baada ya vipimo vikali, gharama italipwa na hazina ya taifa kwa hesabu inayoonekana, wala haitachotwa kimya kimya katika mfuko wa mama wa Turkana.

Njia ya tatu ni soko la pamoja. Kiwanda cha Naivasha hakikujengwa kwa Kenya tu. Paneli yake inayotimiza masharti ya asili ya bidhaa huweza kuuzwa Arusha, Kampala au Kigali bila ushuru. Soko hilo ndilo pekee linaloweza siku moja kubeba kiwanda cha seli. Lakini nchi moja ikijitenga na kuweka ukuta wake, jirani naye ataweka wake, na kila mmoja atabaki na karakana ndogo inayounganisha vipande vya mgeni kwa bei ya juu.

Na ikiwa baada ya hayo yote ushuru utaonekana kuwa wa lazima, basi uwe na tarehe ya kuanza, kiwango cha kushuka kila mwaka na tarehe ya kwisha, na kiwanda kinacholindwa kitoe hesabu ya kile kilichoongeza katika muda huo: hatua ngapi za kazi, vijana wangapi waliofunzwa, bei imeshuka kiasi gani. Ulinzi usio na mwisho hauzai kiwanda. Huzaa mwenye kiwanda tajiri na mteja maskini.

Askari hupangiwa lindo mahali penye kitu cha kulindwa. Mlinzi aliyesimamishwa kwenye mlango wa ghala tupu anakesha bure, na mwenye ghala anamlipa bure. Ushuru nao ni mlinzi wa namna hiyo. Kazi ya kwanza ya Kenya, na ya kila nchi ya Afrika Mashariki, ni kulijaza ghala: kwa ufundi, kwa vipimo vya haki, kwa maagizo ya kudumu na kwa sheria isiyogeuka kila mwaka. Likishakuwa na mali ndani yake, ndipo itakapofaa kuuliza mlinzi awe na silaha gani.